Moyo Unaojua na Moyo Unaoogopa

Kila muhula hapa shuleni husikika mtu akisema, "Moyo wangu umeniambia." Mmoja asema moyo umemwambia aache Fizikia. Mwingine asema moyo umemwambia asipande basi la leo, angoje la kesho. Wa tatu, usiku wa kabla ya mtihani, moyo umemwambia kwamba katika kitabu kizima cha Historia itatoka sura moja tu, basi asome hiyo na kulala. (Nimeona mara nyingi kwamba moyo wa namna hii hupenda sura iliyo fupi.) Twawasikia wenzetu hawa na kukubali, kana kwamba moyo ukisema hapana la kuuliza tena. Lakini mimi naona swali lipo, nalo ni hili: ni moyo gani uliosema, ule unaojua au ule unaoogopa?

Wazee wetu walituachia methali mbili zinazopingana. Moja yasema haraka haraka haina baraka. Ya pili yasema ngoja ngoja huumiza matumbo. Kila mtu huchukua ile inayomfaa siku hiyo. Nadhani methali zote mbili ni za kweli, ila hazisemi habari za moyo mmoja, na taabu yetu ni kwamba mioyo hii miwili hukaa kifuani mwa mtu yule yule na kusema kwa kinywa kile kile. Katika makala hii nataka kueleza jinsi ya kuitambua, kwa kadiri nilivyosoma na nilivyoona.

Nianze na jambo lililotokea katika ukoo wetu mwaka jana, kwa maana linaonyesha mioyo yote miwili ikisema ndani ya mtu mmoja kwa muda wa nusu saa.

Mama yangu mdogo analima mpunga Mtowisa, huko chini katika bonde la Rukwa. Yeye ndiye mlezi wangu, na kutoka kwake kupanda mpaka Sumbawanga ni safari ya kuupanda ukingo wa bonde, njia ya kona na mawe, ambayo wakati wa masika hukatika. Siku moja, yapata saa nne asubuhi, simu yake ililia. Aliyepiga alimwamkia kwa adabu kabisa.

"Shikamoo mama. Mimi ni mwalimu wa zamu, napiga kutoka shuleni kwa mtoto wako. Usishtuke mama, lakini mtoto ameanguka ghafla, tumemkimbiza hospitali. Daktari anasema apasuliwe sasa hivi, na dawa moja haipo, sharti inunuliwe nje. Ni shilingi 180,000. Tuma kwa namba hii hii. Usikate simu mama, daktari yuko hapa ananingoja."

Angalia werevu wa mtu huyu. Alisema "usishtuke" ili ashtuke. Alisema "usikate simu" ili mama asiweze kumpigia mtu mwingine.

Mama mdogo akatoa fedha za mpunga alizokuwa ameziweka kwa ajili ya mbegu na vibarua, akaenda karibu mbio mpaka kwa wakala wa kutuma fedha, simu iko sikioni. Wakala ni kijana asiyetuzidi sana kwa umri. Akamwambia, "Mwanangu, nitumie hizi haraka, mtoto wangu anakufa." Kijana akazipokea, akazihesabu, kisha badala ya kuzituma akaziweka juu ya meza na kuweka mkono wake juu yake.

"Pole sana mama," akasema. "Mtoto anaitwa nani?"

Mama mdogo akamtajia jina langu.

"Na huyo anayepiga, amelitaja jina hilo?"

Hapo mama mdogo akanyamaza. Yule wa simuni akasikia maneno hayo, akabadilika sauti. "Mama, unaongea na nani? Mtoto anakufa wewe unaongea!" Adabu ya shikamoo ilikwisha.

Kijana akasema, "Kata hiyo, mama. Mpigie mwalimu unayemjua wewe." Akakata, akatafuta namba ya matroni wetu. Mimi wakati huo nilikuwa katika kipindi cha Kemia, mzima, nikipima asidi kwa tone. Niliitwa ofisini kuja kuthibitisha kwamba si mgonjwa. Nilipoishika simu mama mdogo hakuniamini mara moja. Aliniuliza jina la yule mbuzi wetu mwenye pembe moja, nami nilipolitaja ndipo akalia.

Utapeli wa namna hii umewapata wazazi wengi wenye watoto katika shule za bweni, na kila mzazi yafaa aujue. Namba ya tapeli hutumwa kwa ujumbe mfupi kwenda 15040, ndiyo njia iliyowekwa na Mamlaka ya Mawasiliano. Lakini kilichonifanya niandike makala hii si tapeli. Ni neno alilolisema mama mdogo wakati wa likizo, nilipomwuliza kama hakutilia shaka hata kidogo.

"Nilitilia shaka mwanzo kabisa," akasema. "Aliposema 'mtoto wako' bila jina, nilisikia kitu kama punje ya mchanga ndani ya wali. Lakini alikuwa akisema mbio, nami nikaimeza."

Punje ile ya mchanga ndiyo moyo unaojua. Mama mdogo amesikia walimu wakimpigia kwa miaka minne, na mwalimu wa kweli hutaja jina na kidato kabla ya kutaja shida. Yeye hakuwahi kuketi na kulifikiri jambo hilo. Lilikuwa limehifadhiwa ndani yake lenyewe. Siku ile lilisema mara moja tu, kwa sauti ndogo, bila kumtisha na kwamba atajuta. Moyo unaoogopa, kwa upande wake, ulipiga kelele njia nzima mpaka kwa wakala.

Basi alama ya kwanza ni hii. Woga husema neno lile lile tena na tena, na kila mara kwa sauti kubwa zaidi. Ujuzi husema mara moja, kisha hungoja uulizwe. Alama ya pili ni kubwa kuliko hiyo, nami naomba msomaji aishike: woga hauvumilii swali. Kijana yule wa wakala hakuwa na ujuzi wowote wa hospitali. Aliuliza jina tu, na kwa swali moja dogo uwongo wote ukaanguka. Kama habari ingekuwa kweli, swali lile lingegharimu dakika mbili na hapana mtu angekasirika. Jambo la kweli halikasiriki likiulizwa. Alama ya tatu ni kwamba woga huacha njia moja tu. Tuma au afe. Sasa au kamwe. Mtu akiona mbele yake mlango mmoja tu, na nyuma yake mtu anamsukuma, yafaa asimame hata kwa pumzi mbili, atazame kama chumba hakina mlango mwingine.

Katika Biolojia tumesoma sababu ya mambo haya. Mtu akitishwa, tezi zilizo juu ya mafigo hutoa homoni iitwayo adrenalini. Moyo hupiga mbio, pumzi huongezeka, damu hupelekwa kwa wingi kwenye misuli ya mikono na miguu, kinywa hukauka, na tumbo huacha kazi yake kwa muda. Mtaalamu wa Marekani, Walter Cannon, aliyaeleza haya mwanzoni mwa karne iliyopita: mwili hujiweka tayari kupigana au kukimbia. Ni zawadi kubwa kwa mtu aliyekutana na nyoka njiani. Lakini mwili ulio tayari kukimbia hauko tayari kupima maneno, na fikira zote hujikusanya mahali pamoja, pale penye hatari. Ndiyo maana mama mdogo, mwenye kuhesabu magunia yake bila kalamu, hakuweza kuona kwamba "mwalimu" hajui jina la mwanafunzi wake.

Huenda mtu akasema: basi ni rahisi, moyo ukidunda ni woga, ukitulia ni ujuzi. Hapana. Mwaka 1997 wataalamu wa Marekani, akina Antoine Bechara na Antonio Damasio, walitangaza habari za jaribio la karata. Watu walipewa mafungu manne ya karata wacheze kwa kuchagua. Mafungu mawili yalileta faida ndogo ndogo lakini ya hakika, na mawili yalitoa faida kubwa kisha hasara kubwa zaidi. Viganja vyao vilipopimwa, ilionekana kwamba wachezaji walianza kutoa jasho walipotaka kugusa yale mafungu mabaya, kabla hawajaweza kueleza ubaya wake. Mwili ulikuwa umejifunza mapema kuliko ulimi. Basi jasho peke yake halituambii kitu. Hata ujuzi waweza kuja na jasho. Tena utulivu nao hudanganya. Mtu hutulia kwa ujuzi, na mwingine hutulia kwa uvivu, au kwa kutojali, au kwa kuwa hajaelewa swali. Nimewaona wenzangu waliotulia sana mwezi wa Oktoba.

Ikiwa mwili hautoshi kutuambia, tutazame nini? Tutazame ujuzi huo ulitoka wapi. Hili ndilo jambo lililonichukua muda mrefu kulielewa, na lililonifungulia ni bibi yangu, asiyejua kusoma.

Sisi Wafipa tuna kilimo chetu cha matuta ya duara, intumba. Mwisho wa masika, udongo ukiwa bado na maji, watu hulima na kufukia majani mabichi ndani ya matuta. Majani huoza humo na kuwa mbolea. Juu ya matuta hupandwa maharage, na mvua za msimu mwingine zikianza, matuta hubomolewa na kusambazwa, ndipo hupandwa ulezi au nafaka nyingine. Ni kilimo kizuri kwa nchi yetu ya juu isiyo na misitu mingi ya kuchoma. Lakini kina siku zake. Ukifukia mapema mno au ukichelewa hata udongo ukakauka, kazi yote imepotea.

Bibi hajui tarehe. Hushika udongo, huuminya, huuachia, husema "leo" au husema "bado." Nilipokuwa mdogo nilidhani anabahatisha. Siku moja nilimwuliza ajuaje. Hakukasirika, alicheka, akafikiri kidogo, akaniambia nishike udongo mimi, akanionyesha jinsi donge linavyovunjika na jinsi majani yanavyokatika yakipindwa. Sababu alikuwa nazo zote, ila hakuwa amewahi kuombwa azitaje. Ameshika udongo ule zaidi ya misimu hamsini, na kila msimu shamba lilimpa jibu lake: umekosea, au umepata. Basi neno lake "leo" ni hesabu ndefu iliyofupishwa.

Wataalamu wawili waliobishana miaka mingi walifika mahali hapo hapo. Gary Klein wa Marekani alichunguza makamanda wa zimamoto, akawaamini sana watu wenye kuamua kwa moyo. Katika kitabu chake cha mwaka 1998 ameeleza habari ya kamanda aliyeingia na watu wake katika nyumba iliyokuwa ikiungua. Walimwaga maji, moto haukupungua. Chumba kilikuwa na joto kupita kiasi na kimya kupita kiasi. Kamanda hakujua sababu, ila aliwaamuru watoke. Walipotoka tu sakafu ikaporomoka, kwa maana moto wenyewe ulikuwa chini ya miguu yao, katika chumba cha chini. Daniel Kahneman, aliyepata Tuzo ya Nobeli ya uchumi mwaka 2002, yeye alikuwa ameonyesha mara nyingi jinsi watu wenye hakika kubwa wanavyokosea vibaya. Wawili hawa waliandika pamoja mwaka 2009 na kukubaliana: moyo waweza kuaminiwa pale penye mambo mawili. Kwanza, jambo lenyewe liwe na utaratibu unaojirudia, kama moto au udongo. Pili, mtu awe amelifanya kwa muda mrefu na kupata jibu kila mara kama amekosea au amepatia. Yakikosekana hayo, hakika ya moyo si kitu, hata ikiwa na nguvu namna gani.

Kwa hiyo bibi yangu aaminiwe juu ya matuta. Juu ya bei ya mahindi mwakani, hata bibi hubahatisha, na namshukuru kwa kuwa yeye mwenyewe hukubali.

Msomaji ataona kwamba kamanda yule aliamua upesi sana. Upesi si dalili ya woga. Tuna mfano mzuri wa jambo hili katika ziwa letu wenyewe.

Meli ya Liemba, iliyohudumia watu wa Ziwa Tanganyika kwa miaka mingi na kutia nanga katika bandari yetu ya Kasanga, iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaitwa Graf von Götzen. Ilifunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika makasha, ikaletwa kwa meli na reli mpaka Kigoma na kuungwa upya. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani walilazimika kuiacha Kigoma, adui anakaribia, wakatoa amri meli izamishwe isije ikatumiwa na adui. Sasa fikiri hali ya mafundi waliopewa kazi hiyo, ambao ndio waliokuja nayo toka Papenburg. Majeshi yanahama, na kilichotakiwa kwao ni kitu kimoja tu: izame. Woga ungefungua vali na kukimbia. Wao kwanza walizipaka mashine mafuta mazito ya grisi, ndipo wakaizamisha, tarehe 26 Julai 1916, wakitumaini kwamba siku moja itainuliwa. Waingereza waliiinua mwaka 1924, na mashine zake zikaonekana zafaa kutengenezwa. Mwaka 1927 ilianza kazi tena kwa jina la Liemba, jina ambalo Livingstone alilisikia kwa watu wa kusini ya ziwa hili alipofika mwaka 1867.

Mafundi wale walitii amri, tena kwa wakati. Hawakuwa na siku nyingi za kufikiri. Lakini ndani ya haraka ile waliweza kuona miaka ijayo, na mkono wao ukajua kipi kifanywe kwanza. Hiyo ndiyo haraka ya ujuzi. Haraka ya woga haioni zaidi ya jioni ya leo.

Mpaka hapa nimesema juu ya mtu mmoja mmoja. Woga wa watu wengi ni kitu kingine, na katika nchi yetu ya Ufipa una historia yake. Watu husema hata jina la Sumbawanga maana yake ni "tupa uchawi." Sitaingia katika ubishi wa kwamba uchawi upo au haupo, upande wowote nitakaoushika, kuna mtu atakayenikemea, ama hapa shuleni ama nyumbani. Nitasema juu ya woga tu, maana woga upo, hilo hapana abishaye.

Mwaka 1963 na 1964 walipita Ufipa watu walioitwa Kamchape. Walikwenda kijiji hadi kijiji wakidai kuwatambua wachawi na kuusafisha uchawi kwa dawa zao. Mtaalamu wa Kiingereza Roy Willis, aliyekuwa akiishi kati ya Wafipa miaka hiyo akichunguza desturi zao, aliwaona na kuandika habari zao mwaka 1968. Hawakuwa wa kwanza. Katika miaka ya 1930 jambo kama hilo, liitwalo Mchape, lilienea katika nchi ambazo sasa ni Malawi na Zambia, na Audrey Richards aliliandika mwaka 1935.

Nilipowauliza wazee wawili juu ya Kamchape, mmoja alisema ilileta amani kwa muda, watu walikula pamoja bila kushukiana. Mwingine alitikisa kichwa tu. Mimi sikuwapo, na neno la kila mmoja nalipokea. Lakini tazama jinsi mambo ya namna hii yanavyojengwa popote yanapotokea. Kijiji kizima hutakiwa kuingia kwa pamoja, na upesi. Anayeuliza, "Mnajuaje?" hushukiwa yeye kwanza, kwa maana mtu asiye na kitu cha kuficha angeuliza nini? Hapo swali lenyewe limegeuzwa kuwa kosa. Na anayeangukiwa na mzigo huo mara nyingi ni mzee, au mjane anayekaa peke yake, au mwanamke mwenye macho mekundu kwa moshi wa jiko la miaka mingi. Mpaka leo katika nchi yetu wapo wazee waliouawa kwa kushukiwa hivyo, na waliowaua walisema mioyo yao ilikuwa na hakika. Hiyo hakika ilitoka wapi? Ilijaribiwa na nani? Mtoto akifa kwa homa katika nyumba ya jirani, hapana jibu linalorudi la kusema "mmekosea" jinsi shamba linavyomrudishia bibi yangu. Mahali ambapo kosa haliwezi kujulikana, moyo hauwezi kujifunza, hata ukiishi miaka mia.

Nije sasa kwetu wenyewe, Kidato cha Nne. Mwaka huu tunazungukwa na sauti nyingi zenye haraka. Kuna watu wasiojulikana wanaosema kwamba wana karatasi za mtihani, zauzwa leo usiku tu, asiyelipa sasa atakosa, na usimwambie mwalimu. Sina haja ya kueleza sana. Aliyesoma habari ya mama yangu mdogo ataona ni wimbo ule ule: wakati ni mfupi, njia ni moja, swali haliruhusiwi.

Gumu zaidi ni fomu ya kuchagua tahasusi za Kidato cha Tano. Hapa hapana tapeli, tupo sisi tu. Rafiki yangu mmoja alijaza masomo ya sayansi kwa dakika tano, mkono ukitetemeka, kwa sababu alisikia kwamba asiyesoma sayansi hatapata kazi. Mwingine alikimbia sayansi kwa sababu ya alama moja mbaya ya Hesabu katika Kidato cha Pili. Njia zao ni mbili lakini dereva ni yule yule. Sikuwaambia wamekosea, maana huenda tahasusi walizozichagua zinawafaa. Niliwauliza tu swali la kijana wa wakala kwa namna yake: unajuaje? Wa kwanza alikasirika. Wa pili alikaa kimya, kisha akaleta madaftari yake ya miaka mitatu, tukayaangalia pamoja mpaka taa zilipozimwa. Alama ya Hesabu ilikuwa mbaya mara moja. Mara nyingine zote ilikuwa ya kawaida. Lakini madaftari ya Jiografia yalikuwa na ramani alizozichora bila kuagizwa, za mito inayoshuka kutoka milima ya Mbizi kwenda Ziwa Rukwa, kila kijito na jina lake. Hakuwa amewahi kuzihesabu. Zilikuwa kumi na tisa.

Fomu yake aliiweka chini ya godoro kwa siku tatu, kwa penseli. Siku ya nne aliandika Historia, Jiografia na Uchumi kwa wino, akaenda kupanga foleni ya uji.